Faili Lisivuke Bahari Kwenda Chumba cha Pili

Nyumba nyingi za mjini sasa zina kompyuta mbili tatu, na aghalabu hazilingani umri. Ipo ile ya mezani iliyonunuliwa mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, ina Windows 7, na kazi iliyobaki nayo ni kuendesha printa. Ipo laptopu ya mzee yenye Windows 10. Ipo ya binti aliyeanza chuo, Windows 11, inayofunguka kwa kumtazama usoni. Zote zinakula waifai ya ruta moja iliyo juu ya kabati la televisheni. Lakini binti akitaka kuchapisha kazi ya mwalimu, anajitumia kwa WhatsApp, kisha anaifungua kwenye kompyuta ya printa. Faili limetoka sebuleni, limefika kwenye seva za ughaibuni, limerudi chumba cha pili, na bando limeliwa mara mbili, kupanda na kushuka. Kwa insha ya kurasa 10 hakuna atakayelia. Kwa video ya harusi ya gigabaiti 6 kilio kipo, na WhatsApp yenyewe haipokei faili linalozidi gigabaiti 2.

Wauza ruta hawana desturi ya kusema hili: kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja hazihitaji intaneti ili kupeana mafaili. Bando likiisha, ruta inaendelea kupitisha data kati ya vifaa vya humo ndani, bure, mradi umeme upo. Kwa kebo ya kawaida kwenye ruta za bei ndogo, zenye kasi ya megabiti 100, utapata kama megabaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo video ile ya harusi itahama kwa takriban dakika 10. Ruta na kompyuta zote zikiwa na matundu ya gigabiti, ni suala la dakika moja hivi, isipokuwa diski ya zamani ikichelewesha. Waifai hupanda na kushuka kulingana na kuta na umbali. Kwa mzigo mkubwa, tafuta kebo. Na umeme ukikatika, laptopu mbili zenye chaji na matundu ya kebo zinaweza kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila ruta. Zitajipa anwani zinazoanza na 169.254, na kazi itaendelea gizani.

Kwa nini basi watu hawafanyi hivyo? Wengi walishajaribu. Walibofya hapa na pale, kompyuta mpya ikasema haiioni ya zamani, au imeiona lakini inadai nywila isiyojulikana, wakarudi kwenye WhatsApp na flashi. Na ukienda kutafuta msaada kwenye video za mtandaoni, ushauri unaorudiwa mno ndio mbaya kuliko yote: ishushe kompyuta mpya mpaka ikubaliane na ya zamani. Tuanze na ubaya wake, maana ukishauelewa, mambo mengi yaliyobaki yanajieleza.

Windows hupeana mafaili kwa itifaki iitwayo SMB. Kompyuta inayotaka faili hutaja matoleo ya SMB inayoyajua, na ile yenye faili huchagua la juu kabisa ambalo zote mbili zinalielewa. Windows XP ya mwaka 2001 inajua toleo la kwanza tu. Vista ilikuja na la pili, Windows 7 ya 2009 ikafika 2.1, Windows 8 ya 2012 ikaanza la tatu, na Windows 10 na 11 zinatumia 3.1.1 huku zikiwa bado zinayaelewa yale ya pili. Kwa hiyo Windows 7 na Windows 11 hazina ugomvi wa lugha. Zikikataa kuelewana, tatizo ni mipangilio, na linatibika. XP ndiyo iliyoachwa nje, na iliachwa kwa makusudi.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Kilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa bitcoin; hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu kwa sababu yake. Kilitumia tundu lililomo ndani ya SMB toleo la kwanza, na hakikuhitaji mtu abofye kitu chochote. Kompyuta moja ikishaambukizwa, ilizigongea zenzake kwenye mtandao uleule na kuingia. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimekiweka, na nyingi kati ya zilizoumia zilikuwa za Windows 7. Kuanzia toleo la Windows 10 lililotoka Oktoba 2017, SMB ya kwanza haiwekwi tena kompyuta inaposakinishwa upya. Kwa hiyo anayekuelekeza uingie kwenye orodha ya vipengele vya Windows uweke tiki kwenye SMB 1.0 anakuomba ufungue mlango uleule. Faili litapita, ndiyo. Mlango nao utabaki wazi, kwa sababu hakuna anayekumbuka kurudi kuufunga.

Kanuni yangu ni hii: kompyuta mpya iwe mwenyeji, ya zamani iwe mgeni. Folda ya pamoja ikae kwenye mashine inayopata masasisho ya usalama, na zile zilizozeeka ziende kuchukua na kuweka. Ila hapa patumike busara kidogo. Laptopu ya binti inaondoka naye kwenda chuo Jumatatu asubuhi, na ikiondoka, folda ya familia nzima imeondoka. Mwenyeji mzuri ni kompyuta mpya kuliko zote kati ya zile zinazobaki nyumbani. Uirekebishe pia isilale yenyewe baada ya dakika chache, la sivyo utabisha hodi usiitikiwe. Fahamu vilevile kwamba masasisho ya kawaida ya Windows 7 yalikoma Januari 2020 na ya Windows 10 yakakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11, hivyo Windows 10 itaendelea kuonekana majumbani mwetu kwa miaka. Isikutie hofu, ila ikiwa unayo ya 11 inayoshinda nyumbani, hiyo ndiyo iwe mwenyeji.

Sasa utekelezaji. Kwenye kompyuta mwenyeji, tengeneza folda mpya moja kwa moja kwenye diski ya D, au C kama D haipo, uiite kwa mfano Familia. Usichukue folda ya Documents au Desktop ukaishea. Windows 7 hasa ina tabia ya kuachia folda nzima ya Users ukishea kitu kilichomo ndani yake, na hapo mambo ya kila mtu yanakuwa hadharani kwa nyumba nzima.

Baada ya hapo tengeneza akaunti ya mgeni wako, na hatua hii ndiyo inayowakwamisha wengi. Mtu anayefungua kompyuta yake kwa tarakimu nne za PIN, akiulizwa nywila na kompyuta nyingine, anaandika PIN ileile na kukataliwa. PIN haivuki mtandao. Inafanya kazi kwenye kifaa kilekile ilikowekwa tu. Sura na alama ya kidole hali kadhalika. Wapo pia wenye akaunti isiyo na nywila kabisa, na Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti ya namna hiyo kuingia kupitia mtandao. Tiba ni kuunda kwenye kompyuta mwenyeji akaunti ndogo ya pembeni, isiyofungamana na barua pepe ya mtu, kwa kazi hii tu. Tafuta cmd kwenye menyu ya Start, ibofye kulia, uifungue kama msimamizi, kisha andika:

net user nyumbani NywilaYako /add

Weka nywila yako halisi mahali pa neno NywilaYako, na akaunti iitwayo nyumbani imezaliwa. Rudi kwenye folda ya Familia, bofya kulia, tafuta "Give access to", halafu "Specific people". Kwenye Windows 11 huenda ukalazimika kubofya kwanza "Show more options". Ongeza akaunti ya nyumbani, uipe ruhusa ya kusoma na kuandika, basi. Napendelea njia hii kuliko ile ndefu ya "Advanced Sharing" kwa sababu Windows ina ruhusa za tabaka mbili, za mtandao na za diski yenyewe, na kali kati ya hizo mbili ndiyo inayoshinda. Njia fupi huzipanga zote kwa mkupuo. Njia ndefu hukuachia upange moja, kisha ukeshe ukijiuliza kwa nini folda inaonekana lakini haifunguki.

Utakutana na anayesema haya yote ni usumbufu, zima ulinzi wa nywila na uiandikie folda "Everyone". Zamani hilo lilipita. Windows 11 toleo la 24H2 kwa upande wa Pro haikubali tena kuingia kwenye folda ya mtu pasipo kujitambulisha, na itakujibu kwamba sera za usalama za taasisi yako zimezuia jambo hilo. Taasisi gani, nawe umekaa kwenye kochi lako? Ni maneno ya maofisini yaliyosahauliwa humo. Maana yake ni moja tu: mgeni ataje jina. Akaunti ya nyumbani yenye nywila inalimaliza.

Kabla hujaondoka kwenye kompyuta mwenyeji, tazama inauonaje mtandao wako. Windows hugawa mitandao kuwa ya hadharani na ya faragha, na kwenye ile ya hadharani hujificha: haijibu, haionekani. Hilo ni jema ukiwa kwenye waifai ya mgahawa. Lakini Windows 11 ikikutana na waifai mpya huihesabu kuwa ya hadharani mpaka uiambie vinginevyo, hata kama waifai hiyo ni ya chumbani kwako. Fungua mipangilio ya mtandao, bofya jina la waifai yako, chagua "Private network". Windows 7 iliuliza swali hilo siku ya kwanza, ikitaja nyumbani, kazini au hadharani, na aliyekuwa na haraka alibofya chochote. Kwa maoni yangu tatizo hili pekee linachangia zaidi ya nusu ya malalamiko ya "hazionani", na watu huanza kuilaumu ruta.

Sasa nenda kwenye kompyuta mgeni. Usihangaike na ile picha ya Network inayotakiwa kuorodhesha kompyuta zote. Orodha hiyo hukosea, huchelewa, na wakati mwingine hukaa tupu hata pale njia ilipo safi. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, kijisanduku kitafunguka katika matoleo yote, na humo uandike mikwaju miwili inayolalia nyuma, ikifuatwa na jina la kompyuta mwenyeji:

\\SEBULENI

Likigoma, tumia anwani badala ya jina. Kwenye mwenyeji fungua cmd, andika ipconfig, usome tarakimu zilizo mbele ya "IPv4 Address", tuseme 192.168.1.7, kisha huku uandike \\192.168.1.7. Anwani ikikubali na jina likikataa, ujue njia ni nzima na kilichokosekana ni utambulisho wa majina. Unaweza kuendelea na anwani, ukikumbuka kwamba ruta huweza kuibadilisha siku yoyote.

Ukiulizwa jina na nywila, usiandike "nyumbani" peke yake. Andika SEBULENI\nyumbani, ili Windows isidhani unataja akaunti ya kompyuta uliyokalia. Weka tiki ya kukumbuka. Folda ikifunguka, ibofye kulia na uchague "Map network drive", itakaa kwenye orodha ya diski kama herufi Z, na hata bibi ataipata bila kuelekezwa mara ya pili.

Ikikataa kabisa, kagua mafungu matatu ya mwanzo ya anwani za kompyuta zote mbili. Moja ikiwa 192.168.1 na nyingine 192.168.0, haziko kwenye mtandao mmoja ingawa mnalipa bili moja. Hutokea pale mtu anapoongeza ruta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma, akaichomeka ikiwa bado inajiona kuwa ruta kamili. Zihamishie zote upande mmoja. Angalia vilevile kama moja haiko kwenye waifai ya wageni, maana waifai hizo zimeundwa makusudi ili vifaa visionane. Hotspoti za baadhi ya simu hufanya hivyohivyo. Na antivairasi ya kulipia mara nyingi huja na fayawoli yake isiyofuata mpangilio wa Windows. Izime kwa dakika mbili ujaribu, kisha uiwashe.

Kama mara ya mwisho ulipofanya kazi hii ulitumia HomeGroup, ile ya Windows 7 iliyokupa nywila ndefu ya kubandika kwenye jokofu, usiitafute. Iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Imebaki XP. Zipo bado, hasa kwenye steshenari na kwenye nyumba za watu waliotunza hesabu za duka kwa programu isiyokubali kuhamia kwingine. Ushauri wangu ni kuitoa kwenye mtandao kabisa. Masasisho yake yalikoma Aprili 2014. Ukitaka vilivyomo, tumia flashi, na uipange flashi hiyo kwa FAT32, kwa sababu XP haisomi exFAT mpaka iongezewe sasisho ambalo pengine haina. FAT32 nayo haibebi faili moja linalofikia gigabaiti 4, na dirisha la kawaida la Windows kwa miaka mingi limekataa kuitoa kwa flashi inayozidi gigabaiti 32. Flashi ndogo ya zamani iliyosahauliwa kwenye droo ndiyo inayofaa hapa. Ikirudi kutoka XP, ipitishe kwenye antivairasi kabla ya kufungua chochote. Ukikuta folda zako zote zimegeuka kuwa njia za mkato, usizibofye: kirusi kimezificha folda zenyewe, na kila njia ya mkato inakiamsha upya.

Kama mzigo ni mkubwa, picha za miaka kumi kwa mfano, chomoa diski yenyewe. Fundi anaweza kukuuzia au kukuazima adapta ya USB, lakini kwanza tazama meno ya diski. Diski za IDE zina sindano nyingi zilizopangwa safu mbili, za SATA zina vilimi viwili bapa, na adapta ya moja haiingii kwenye nyingine; zipo zinazobeba zote. Chomeka kwenye kompyuta mpya, na folda ikisema huna ruhusa, bofya "Continue" ukiwa msimamizi, usubiri. Kwenye folda kubwa husubirisha.

Wenye Mac hawana shida kubwa. Tangu 2013 Apple iliifanya SMB kuwa njia yake kuu ya kupeana mafaili. Ndani ya Finder fungua menyu ya Go, chagua "Connect to Server", uandike smb:// ikifuatwa na anwani ya mwenyeji. Wa Linux wana Samba, ambayo Andrew Tridgell aliianza Australia mwaka 1992, nayo tangu 2019 imeacha SMB ya kwanza kwa mpangilio wake wa kawaida. Kinachowasumbua hawa ni majina. Mac na Linux hukubali jina la faili lenye alama ya kuuliza, Windows haikubali. Linux huhesabu Picha na picha kuwa folda mbili, Windows huziona moja. Tumia herufi ndogo, tarakimu na vistari, na utapona.

Kwa anayetaka kurusha faili moja tu mara mojamoja, hasa kati ya simu na kompyuta, folda ya pamoja ni kazi kubwa mno. LocalSend ni programu ya bure inayopita kwenye waifai ya ndani bila kugusa intaneti, na ipo ya Windows, Mac, Linux, Android na iPhone. Iweke kwenye vifaa vyote viwili, basi.

Folda ikishaanza kutumika na nyumba nzima, kuna mambo mawili ya kuwaeleza wenzako mapema. La kwanza ni ufutaji. Faili linalofutwa kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao haliendi kwenye Recycle Bin ya mwenyeji wala ya mgeni, limekwenda. Mtoto akifuta michezo yake ili apate nafasi, anaweza kwenda na vyeti vya mzee. Kwa vitu kama hivyo tengeneza folda ya pili, uipe akaunti ya nyumbani ruhusa ya kusoma tu, na nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa.

La pili ni saa. Kompyuta ya mezani ya zamani ikishakufa betri yake ndogo ya kwenye ubao, kila umeme ukikatika inarudi miaka mingi nyuma, na faili ulilohariri leo linaandikwa tarehe ya zamani. Siku ya kunakili, Windows ikikuuliza ubakize lipi kati ya mafaili mawili yenye jina moja, utabakiza lile linaloonekana jipya, nalo siyo. Betri hiyo ni CR2032, bapa kama sarafu, na kwa kawaida hupatikana kwa mafundi saa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, ibadilishe, kisha uweke tarehe sawa kabla hujanakili chochote.